Namna ya Kuikagua Simu ya Kukunja Yenye Muziki, Kamera na Video Kabla ya Kuilipia

Simu ya kukunja ina nusu mbili zilizoshikanishwa kwa bawaba, na karibu kila kitu kinachoitofautisha na kitochi cha kawaida, kuanzia kioo cha nje hadi namna ya kupokea na kukata simu, hutegemea bawaba hiyo. Kwa sababu hiyo ukaguzi wake haufanani na ule wa simu ya kugusa, ambao watu wengi huuanza kwa kamera. Katika mwongozo huu tutaanza na bawaba, tutafuata na kioo, vitufe na mtandao, kisha ndipo tutakapofika kwenye muziki na picha. Kwani kamera dhaifu inavumilika, lakini simu isiyoshika mtandao, au inayozimika kioo ikifunuliwa, haina kazi hata kama inaimba vizuri namna gani.

Nitatumia simu tatu kama mifano. Ya kwanza ni Motorola RAZR V3, iliyotangazwa mwaka 2004 na kuuzwa zaidi ya milioni 130 duniani, ambayo bado huonekana miongoni mwa simu zilizotumika. Ya pili ni Nokia 2720 Flip ya mwaka 2019, yenye mfumo wa KaiOS, yaani programu kuu inayoiendesha simu. Ya tatu ni Nokia 2660 Flip ya mwaka 2022, yenye mfumo mwepesi zaidi wa S30+. Muuzaji atakuambia kwamba kila moja kati ya hizo ina kamera, ina muziki na ina video, naye hatakuwa amesema uongo, ila maneno hayo yana maana tofauti kabisa katika kila simu, na kazi ya mkaguzi ni kuitafuta tofauti hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Maandalizi ya nyumbani

Usiende dukani mikono mitupu. Chukua laini yako yenye salio kidogo, spika za masikioni zenye waya, na memori kadi isiyozidi gigabaiti 32 iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32, yaani mpangilio wa mafaili ambao simu hizi huusoma. Kiwango hicho si cha kubahatisha: Nokia 2720 Flip na 2660 Flip zote zinapokea kadi hadi gigabaiti 32, na ukipeleka kadi kubwa zaidi huenda simu ikakataa kuisoma, nawe ukadhani sehemu ya kadi imekufa ilhali kosa ni la kadi.

Ndani ya kadi weka wimbo mmoja wa MP3 unaoujua vizuri. Mimi hupenda taarabu, kwa kuwa ndani yake kuna sauti ya juu ya mwimbaji, fidla, na ngoma zinazopiga chini, na spika mbovu hujifichua mara moja katika mojawapo ya hizo. Ongeza video fupi mbili: moja ndogo ya 3GP, aina ya faili la video la simu za zamani, na nyingine ya MP4 iliyorekodiwa kwa simu janja. Ile ya pili unaiweka ukitarajia kwamba itakataa kucheza au itakwama, kwa sababu vioo vya ndani vya Nokia hizi mbili vina pikseli 240 kwa 320 tu, na vichakataji vyao havikukusudiwa kubeba picha zenye ukubwa unaorekodiwa na simu janja za leo. Ni heri kulijua hilo ukiwa bado na fedha yako mfukoni kuliko kulijua baada ya kumwahidi mtu kwamba ataangalia video za harusi ya mjukuu wake.

Hatua ya kwanza: Bawaba

Shika nusu ya chini kwa mkono mmoja na ufunue kifuniko polepole kwa kidole gumba. Bawaba nzuri hukataa kidogo mwanzoni, kisha ikifika katikati hujisukuma yenyewe hadi mwisho na kutulia. Ikiwa kifuniko kinaning'inia popote unapokiacha kama mlango usio na komeo, chemchemi iliyo ndani imechoka. Ikiwa kinagota kabla ya kufika mwisho, simu imeanguka au imefunguliwa na fundi na kurudishwa vibaya.

Funua na ufunge mara ishirini. Muuzaji atakukodolea macho, mwache. Baada ya hapo ifunge simu na uiangalie kwa ubavu: nafasi iliyo kati ya nusu mbili iwe sawa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kingo za kulia na kushoto zilingane. Kisha ifunue, shika nusu ya juu kwa vidole viwili na kuitikisa taratibu kwenda kulia na kushoto. Mchezo mdogo sana unaruhusiwa kwa simu iliyotumika, lakini kwa simu mpya haufai kuwapo kabisa.

Hata hivyo, kinachoua simu hizi mara nyingi si bawaba yenyewe bali utepe mwembamba wa nyaya unaopita ndani yake kupeleka umeme na picha kwenye kioo na sauti kwenye spika ya sikioni. Mafundi wetu huuita fleksi. Utepe huo hujikunja kila unapofungua na kufunga, na siku moja nyaya zake huanza kukatika moja baada ya nyingine. Nimewahi kununua simu iliyotumika ambayo ilifanya kazi vizuri kabisa mezani pa muuzaji, nusu ya juu ikiwa imesimama kidogo tu, lakini nilipofika nyumbani nikaifunua hadi mwisho kioo kikawa cheupe kama karatasi. Fleksi ilikuwa imekatika nusu, na muuzaji, nadhani, alijua pembe ambayo bado ilikuwa inapitisha umeme.

Kwa hiyo jaribu hivi: washa simu, weka picha yenye rangi nyingi kwenye kioo, kisha sogeza kifuniko polepole kutoka kwenye pembe ndogo hadi mwisho huku ukikitazama kioo bila kupepesa. Mistari, kumetameta, rangi kubadilika au mwanga kufifia hata kwa sekunde moja ni dalili za fleksi inayokufa. Rudia jambo hilohilo ukiwa unaongea na mtu kwenye simu, uone kama sauti inakatika kifuniko kinaposogea. Fleksi hubadilishwa, lakini kwa simu ya zamani kama RAZR V3 utabaki ukitegemea fleksi iliyong'olewa kwenye simu nyingine iliyokufa, ambayo nayo imekunjwa maelfu ya mara.

Malizia hatua hii kwa kumpa mtu namba yako akupigie. Simu nyingi za kukunja zina sumaku ndogo upande mmoja na kihisi upande mwingine, na kwa njia hiyo simu hujua imefungwa au imefunuliwa. Pokea kwa kufunua, kisha kata kwa kufunga. Ikiwa kufunua hakupokei, tafuta kwanza kwenye mipangilio kabla ya kulaumu kihisi, kwa kuwa simu nyingi humwachia mwenyewe achague. Kufunga kusipokata, hilo ni tatizo kubwa zaidi: mtu hufunga simu akiamini amemaliza mazungumzo, kumbe salio linaendelea kuliwa na mwenzake anaendelea kusikia.

Hatua ya pili: Vioo viwili na vitufe

Kioo cha nje hukaguliwa nje, juani, si chini ya taa ya duka. Kile cha Nokia 2660 Flip kina inchi 1.77 na cha 2720 Flip kina inchi 1.3, vyote viwili vinatosha kuonyesha saa na jina la anayepiga, na hilo ndilo jambo la pekee unalopaswa kukidai. Angalia kama jina linasomeka kwa mtu asiye na miwani yake. Kwa kioo cha ndani, kilicho na inchi 2.8 katika simu zote mbili, ongeza ukubwa wa maandishi hadi mwisho na uangalie kama menyu bado inasomeka au maneno yanakatwa katikati. Tafuta pia kama Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha.

Kuhusu vitufe, andika ujumbe mzima, usibonyeze kitufe kimojakimoja tu. Sentensi kama "Shikamoo bibi, tumefika salama, tutapiga kesho" inapita karibu kwenye vitufe vyote vya herufi, na itakuonyesha mara moja kitufe kinachoruka au kinachoandika mara mbili. Zima kwanza kamusi ya kukisia maneno, maana ikiwa ni ya Kiingereza itakubadilishia kila neno. Vitufe vya RAZR V3 vilichongwa kwenye bati moja bapa la chuma, jambo lililoifanya simu hiyo iwe na wembamba wa milimita 13.9 na kupendwa mno wakati wake, lakini kidole kisichoona vizuri hakina mahali pa kujishikiza. Nokia 2660 Flip ina vitufe vikubwa vilivyotengana, na pembeni ina kitufe cha dharura ambacho ukikibonyeza kwa muda huwatafuta watu uliowachagua. Ukikijaribu, waambie kwanza wenye namba hizo, la sivyo utaijaza nyumba wageni.

Hatua ya tatu: Mtandao

Weka laini yako mwenyewe, wala usikubali kuonyeshwa simu yenye laini ya muuzaji. Hapa Afrika Mashariki mitandao ya 2G hutumia masafa ya megahezi 900 na 1800. RAZR V3 inashika masafa yote hayo, kwa hiyo bado inapiga na kupokea, ila huishia kwenye 2G na inahitaji laini ya ukubwa wa zamani. Tahadhari kubwa zaidi iwe kwa simu za kukunja zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani. Nyingi zilipangiwa masafa ya huko, na zile za zamani za Verizon zilitumia teknolojia ya CDMA, isiyo ile ya mitandao yetu, baadhi yake zikiwa hazina hata sehemu ya kuweka laini. Simu ya namna hiyo inaweza kuwa mpya kabisa ndani ya boksi lake na isipige hata mara moja Tanga au Kisumu.

Baada ya mtandao kushika, jaribu huduma ya fedha, kwa sababu kwa watumiaji wengi wa simu hizi hiyo ndiyo kazi kuu kuliko muziki na picha vyote pamoja. Kwa mteja wa Vodacom Tanzania piga *150*00#, na kwa mteja wa Safaricom Kenya piga *334#. Menyu ikifunguka, usiishie hapo. Ingia ndani hatua mbili au tatu hadi kwenye kuangalia salio, ukiangalia kama maandishi yanaonekana yote bila kulazimika kushuka chini mara nyingi, na kama menyu inakatika kabla hujamaliza kuandika jibu.

Kisha uliza kuhusu intaneti, na uulize kwa ukali. Nokia 2660 Flip ina 4G lakini haina Wi-Fi. Nokia 2720 Flip ina vyote viwili na inaweza hata kugawa intaneti kwa kompyuta. Lakini iko hadithi ambayo bado inasimuliwa madukani: kwamba simu za KaiOS zina WhatsApp. Zilikuwa nayo. Katikati ya mwaka 2024 programu hiyo ilifungwa kwa wanaotaka kuipakua upya kwenye simu za KaiOS, na mwanzoni mwa mwaka 2025 msaada wake ukakoma hata kwa waliokuwa nayo. Muuzaji akikuonyesha alama ya WhatsApp kwenye menyu, mwombe aifungue na kutuma ujumbe mbele yako.

Hatua ya nne: Sauti

Hapa ndipo memori kadi yako inapofanya kazi. Cheza wimbo wako kwa spika ya nje, kwanza kwa sauti ya kati, kisha ya juu kabisa. Spika ndogo haitatoa besi, na kuilaumu kwa hilo si haki. Unachotafuta ni mkwaruzo, yaani ule mlio wa bati linalotetemeka sauti ya mwimbaji inapopanda. Ukiusikia, bonyeza kifuniko kwa kidole: mkwaruzo ukikoma, tatizo ni plastiki iliyolegea, nao ukiendelea, spika imepasuka.

Funga simu wimbo ukiendelea. Jambo hili dogo huamua kama simu ni chombo cha muziki kweli au la, kwa kuwa simu inayonyamaza kila ikifungwa itamlazimu mtu atembee na mdomo wa simu wazi mfukoni. Ikiwa muziki unaendelea, tafuta kama kuna vitufe vya ubavuni vya kuongeza na kupunguza sauti bila kufunua.

Nafasi ya kuhifadhi ndiyo inayozitenganisha simu hizi kuliko kitu kingine chochote. Wimbo wa dakika nne uliobanwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde huchukua megabaiti 3.8 hivi. RAZR V3 ina megabaiti 5.5 za ndani na haina sehemu ya memori kadi, maana yake ni kwamba inabeba wimbo mmoja na nusu ya mwingine, kabla hujapiga picha hata moja. Kadi ya gigabaiti 32 kwenye Nokia 2660 Flip hubeba nyimbo za aina hiyo zaidi ya elfu nane. Jaribu pia kadi ikiwa imejaa, kama unayo, kwani simu nyepesi huchukua muda mrefu kusoma orodha ndefu, na kama nyimbo hukuziweka kwenye mafolda utabonyeza kitufe cha chini hadi kidole kiume.

Redio huwa ni ya muhimu kuliko wanavyodhani vijana. Simu nyingi hutumia waya wa spika za masikioni kama antena, kwa hiyo redio isiyoshika kituo chochote huenda inangoja tu waya huo. Nokia 2660 Flip hupokea FM bila waya, lakini ijaribu ndani ya jengo na nje. RAZR V3 haina redio wala tundu la spika za masikioni la kawaida, na hili ni kosa ambalo sijawahi kuisamehe, pamoja na urembo wake wote.

Hatua ya tano: Kamera na video

Nitaanza na jambo linalowashangaza wengi. Kamera ya RAZR V3 ya mwaka 2004 ina megapikseli 0.3, na ya Nokia 2660 Flip, iliyokuja miaka kumi na minane baadaye, ina megapikseli 0.3. Kiwango hicho ni pikseli 640 kwa 480. Ukiipeleka picha hiyo studio ikachapwa kwa pikseli 300 kwa kila inchi, utapata karatasi ya sentimita 5.4 kwa 4, karibu na pasipoti. Nokia 2720 Flip ina megapikseli 2, ambazo zinatosha kwa picha ya kuwekwa ndani ya albamu ndogo.

Piga picha tatu tu: uso wa mtu aliye karibu na dirisha, ukurasa uliochapwa, na duka zima lenye mwanga wa taa. Picha ya kwanza inapaswa kukubalika hata kwa kamera hizi. Ya pili itakuonyesha kama unaweza kuhifadhi risiti au namba za umeme kwa kuzipiga picha. Kwa megapikseli 0.3, ukurasa mzima hautasomeka, kwa hiyo jaribu na karatasi ndogo yenye tarakimu kubwa. Ya tatu itakuwa na chengachenga, na hilo usilihesabu. Kabla ya kuikataa kamera, pangusa lenzi yake, kwa kuwa iko mahali ambapo vidole hushika kila mara simu inapofunuliwa.

Rekodi video ya nusu dakika ukihesabu kwa sauti moja hadi thelathini, kisha uitazame. Midomo na sauti vikipishana, au hesabu ikiruka, video hiyo itafaa kumbukumbu ya familia na si zaidi. Ondoa kadi, iweke kwenye kompyuta au simu nyingine, uhakikishe kwamba mafaili yanafunguka huko pia.

Hatua ya sita: Betri, chaji na namba ya IMEI

Toa betri na uilaze juu ya kioo cha meza. Izungushe kwa kidole. Betri iliyovimba huzunguka kama pia, iliyo nzima hugoma. Angalia tundu la chaji ni la aina gani: RAZR V3 hutumia mini-USB, ambayo waya wake sasa ni wa kutafutwa, ilhali 2720 Flip hutumia micro-USB. Chomeka waya na uutikise kidogo kuona kama chaji inakatika.

Betri ikiwa nje, soma namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15, kwenye karatasi iliyo chini yake. Rudisha betri, washa, piga *#06# na ulinganishe, kisha linganisha na namba iliyo kwenye boksi. Nchini Tanzania tuma namba hiyo kwa ujumbe kwenda 15090, na nchini Kenya kwenda 1555, ujibiwe ni simu ya aina gani. Jibu likitaja aina nyingine, rudisha simu mezani bila mabishano. Simu bandia zilizimwa Kenya mwaka 2012 na Tanzania mwezi Juni 2016, na waliokuwa wamezinunua hawakurudishiwa chochote. Ikiwa yote yanalingana, dai risiti iliyoandikwa namba hiyo ya IMEI.

Hatua ya saba: Mpe atakayeitumia

Kama simu ni ya mzazi au ya bibi, mpe aishike ikiwa imefungwa, bila kumfundisha chochote, kisha toka nje ya duka umpigie. Hesabu miito mpaka apokee. Akiwa anatumia mashine ya kusaidia kusikia, muulize kama anasikia mlio wa kuunguruma. Zungumza naye dakika moja, sema kwaheri, na usikate wewe. Subiri usikie kama ameifunga simu au bado anatafuta kitufe chekundu.